Mota Namba 41 Ilikuwa Wapi

Mmeniandikia kwamba mnaijenga upya hifadhidata ya spea za karakana, na mkaniomba niwaambie mawili matatu, "kwa ufupi tu, Mama Stoo." Nimeshukuru kukumbukwa. Hilo la ufupi nimejifanya sikuliona. Mtu aliyekaa stoo miaka ishirini na sita, akitafutia watu gasketi moja kati ya mamia, hawezi kuulizwa jambo kuhusu spea akajibu kwa sentensi mbili. Chemsheni chai.

Nimesikia pia kwamba mmoja wenu alisema kuitengeneza ni kazi ya alasiri moja. Huyo nampenda sana, msimfukuze. Mimi nilimwambia meneja wetu maneno hayo hayo, kisha nikachukua miaka minne.

Kwa wale ambao hawakunikuta kazini, mimi ni Nyambura. Nilitunza stoo ya karakana ya pampu hapa Kitengela tangu enzi za leja mpaka mwaka niliostaafu. Visima virefu vya jamii, kuanzia Kimuka kule upande wa Ngong hadi Mashuuru na mbele yake, vilitegemea karakana yetu. Ndani ya kila kisima, chini kabisa, kumezamishwa mota, chuma kirefu chembamba ambacho mwanamume mmoja hawezi kukibeba mbali bila kunung'unika. Mota ndiyo inayozungusha pampu. Ikiungua, hakuna maji, na anayekwambia yapo kidogo hajawahi kusimama kwenye kisima kilichokufa, ng'ombe mia tatu wakimtazama.

Kazi yangu ilikuwa kujua tuna nini, kiko wapi na kiko kwa nani. Hayo matatu tu. Mkiyaona mepesi, endeleeni kusoma.

Nianze na majina. Fundi wetu mkuu alikuwa Musyoka, ambaye siku hizi anafuga kuku Embulbul na kuwapigia kelele kama alivyotupigia sisi. Musyoka alijua spea kwa mkono. Ungempa beringi amefumba macho, akaizungusha mara mbili, akakwambia imetoka pampu gani na ni fundi gani aliyeifunga vibaya. Lakini majina aliyoziita alikuwa akiyajua yeye na wenzake tu. Kulikuwa na "ya Pasta", kwa sababu mara ya kwanza aliifunga kwenye kisima cha kanisa. Kulikuwa na "kichwa ngumu", na "mrefu wa Isinya". Tena kulikuwa na vali ile inayoacha maji yapande na kuyazuia yasirudi. Hiyo mafundi wote waliiita Nyambura, kwa kuwa kitu kikiingia stoo kwangu hakitoki.

Sikujua habari hiyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya rafu siku moja, nikamsikia fundi mmoja akimwambia mwenzake dirishani, "Uliza kama iko na Nyambura ndogo. Ile kubwa imekwama, imekataa hata nyundo." Nilitokea polepole, nikampa vali ya inchi mbili, nikamwandikisha kwenye leja mara mbili ili ajue nimesikia.

Basi nilipoanza kuziingiza spea kwenye kompyuta, niliamua ustaarabu umefika. Nikaandika majina rasmi, yale ya vitabu vya kiwandani. Kwa wiki mbili nzima kila fundi aliyekuja dirishani aliambiwa kitu anachotaka hakipo, na rafu zimejaa mpaka juu. Wakiuliza "ya Pasta", kompyuta haimjui pasta. Musyoka alisimama pale dirishani mikono kiunoni, akasema, "Nyambura, zamani ulikuwa unatunyima ukiwa peke yako. Sasa umeandika msaidizi."

Dawa ilikuwa rahisi, ila kiburi kilinichelewesha. Kila spea ikapata namba moja isiyobadilika, halafu nikatengeneza jedwali jingine la majina ya utani, kila jina likielekeza kwenye namba yake. Spea moja inaweza kuwa na majina sita na hakuna anayeumia. Nilijiingiza mwenyewe humo, ndogo na kubwa, kwa mikono yangu. Kwa hiyo msije mkajaribu kuwafundisha mafundi kuongea. Wajengeeni jedwali.

Kuhusu hayo majedwali, mwalimu wangu alikuwa Madam Achieng, aliyefundisha Jumamosi kwenye chuo kimoja ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na wanafunzi wenzangu walikuwa rika la kitinda mimba wangu. Waliniita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya vijana, wakaninakilia maandishi ya ubaoni nilipokosa miwani, na mimi nikawaletea mandazi. Nadhani nilifaulu kwa sababu ya mandazi.

Kabla ya Madam Achieng nilikuwa nimeweka kila kitu kwenye lahajedwali moja, ile ya visanduku visanduku. Kila spea iliyotoka ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na jina la mtunza kisima, mahali pake na namba yake ya simu. Sasa kulikuwa na mtunza kisima wa Mashuuru, Mzee Parsaloi. Mtamsikia sana huyu, kwa hiyo mkariri jina. Parsaloi alibadilisha namba ya simu. Nikaibadilisha mahali hamsini na tisa, nikasahau pa sitini. Namba ile ya zamani ikapewa mama mmoja anayeuza mitumba Isinya, na kwa mwaka mzima mafundi wetu walikuwa wakimpigia kumwuliza hali ya pampu. Mwanzoni alikuwa akiwakatia simu. Baadaye akaanza kuuliza maswali. Mwishoni alinipigia mimi, akasema kwa upole, "Mama, mwambie huyo Parsaloi abadilishe gasketi, kwa vile mnavyonieleza hiyo sauti si ya kawaida." Na kweli ilikuwa gasketi.

Madam Achieng alicheka hadi akakaa. Kisha akanifundisha kwamba jambo moja linaandikwa mahali pamoja tu, na kwingine kote panawekwa kidole cha kuelekeza hapo. Watunza visima wawe na jedwali lao, visima lao, spea lao. Nilipokwama kwenye kapulingi, zile za kuunganisha mota na pampu, zinazoingia pampu tano tofauti, na pampu zinazotumia kapulingi nne tofauti, aliniuliza kama naimba kwaya. Nikasema naimba. Akaniambia niorodheshe waimbaji na nyimbo, kisha nijaribu kuandika nani anaimba wimbo gani bila kurudia jina la mtu. Nilihangaika nusu saa ndipo nikaona kwamba inahitajika orodha ya tatu, ya kuunganisha zile mbili. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilimweleza mume wangu wakati wa chakula, akasema ni vizuri, akaniomba nimpitishie chumvi.

Jambo moja Madam Achieng aliniambia nikalipuuza. Aliliangalia jedwali langu la mota, namba ya mota, aina, mahali ilipo na aliyekabidhiwa, mstari mmoja kwa kila mota. Mota ikihama, nafuta mahali pa zamani naandika papya. Akauliza, "Mama, ikihama, pale ilipokuwa unapaandika wapi?"

"Kwa nini nitake kujua ilipokuwa?" nikamjibu. "Mimi nataka kujua iliko."

"Sawa," akasema. "Siku moja utaniambia."

Sasa mjue namna Musyoka alivyofanya kazi, maana hakuna kitabu kitakachowaeleza. Mota mbili zilizokufa zikimfikia, hakuzitengeneza zote mbili. Alizifungua, akatoa vizima vya hii na vizima vya ile, akatengeneza moja inayoishi. Alikuwa hodari sana wa hilo. Wafugaji walimheshimu kuliko daktari wa mifugo. Mota iliyofufuka ilitoka na kibati cha namba kilichokuwa kwenye ganda lililotumika. Ganda la pili lilitupwa uani pamoja na kibati chake. Na kwenye hifadhidata yangu hapakuwa na nafasi yoyote ya kusema kwamba mota imechinjwa. Mota ilikuwa mahali fulani au ilikuwa mahali pengine. Kwangu mimi mota haikuwa na tumbo.

Ukaja ukame, ule ambao mvua za vuli zilitupita na za masika zikapita pia. Kisima kimoja mbele ya Mashuuru kikaunguza mota. Stoo hatukuwa na hata moja. Meneja akaja dirishani akasema, "Hebu uliza hiyo kompyuta yako kama kuna mahali mota imekaa bure."

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Niliunganisha majedwali matatu kwa swali moja, refu, na kompyuta ikajibu kabla sijaondoa mkono. Mzee Parsaloi wa Mashuuru alikuwa na mota mbili, namba 33 na namba 41. Kisima chake kinatumia moja. Nilipiga makofi peke yangu humo stoo. Gari likatumwa Mashuuru kuchukua 41.

Likarudi tupu. Parsaloi alikuwa amesema ana mota moja, na iko chini ya maji inafanya kazi, na mwenye shaka aje asikilize.

Meneja hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na simu zisizokoma kutoka kwa kamati ya kile kisima kingine. "Watu wanasahau, kompyuta haisahau," akasema. Akatunga barua kwa kamati ya maji ya Mashuuru kwamba mtunza kisima wao ameshindwa kueleza mota ya karakana iliko. Mimi ndiye niliyeichapa. Baada ya kuichapa nikafungua jedwali, na kwenye mstari wa 41 nikaandika: imepotea mikononi mwa Parsaloi. Niliandika hivyo bila kumpigia simu mtu. Ilinichukua muda wa kumeza mate.

Kamati ikaitisha mkutano Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ikiamua ni kweli, Parsaloi atanyang'anywa funguo za kisima. Mkisikia funguo msifikirie kufuli tu. Mtunza kisima ndiye anayesema ng'ombe wa nani wanywe sasa na wa nani wangoje. Wakati wa ukame watu huwa wameshika fimbo, na kinachowazuia wasizitumie ni kwamba wanamwamini anayepanga zamu. Parsaloi alikuwa amepanga zamu miaka kumi na mmoja. Akiitwa mwizi wa mota, kesho yake ataitwa mwizi wa zamu, na hatakuwa na mahali pa kuweka uso wake katika nchi ya babu yake.

Jumatatu alikuja mwenyewe Kitengela. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu kabla sijamwona.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai dirishani.

"Iko," nikaitikia, macho kwenye skrini, maana niliona haya kuyainua.

Akatoa barua mfukoni, akaikunjua, akaiweka kwenye kaunta akiilainisha kwa kiganja. "Mama Stoo, hii barua ilisomwa na Naserian. Ile msichana yangu ya class six. Mimi sijui kusoma, na mama yake hajui. Alisoma vizuri mpaka hapa katikati, akanyamaza. Nikamwambia, soma. Akasema, baba imeisha. Na mimi naona karatasi bado iko na maandishi mingi."

Niliitazama ile barua niliyoichapa mwenyewe.

"Sikuja kugombana," akaendelea. "Nimekuja uniambie hiyo mota niliweka wapi. Kwa sababu inaonekana wewe ndio unajua, mimi sijui."

"Mzee, kompyuta inaonyesha uko na mbili."

"Hiyo kompyuta ilikuja Mashuuru lini?"

"Haijakuja."

"Sawa. Mimi niko huko kila siku. Mota yangu iliungua, Musyoka akakuja, akaitoa, akaweka ingine. Ile ya zamani akaweka kwa gari. Mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba."

"Uko na karatasi yoyote ya hiyo siku?"

"Niko na mgongo. Iliniuma wiki mbili."

Ningecheka siku nyingine. Alikusanya barua yake, akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. Hapo alikuwa amekasirika, na alizungumza kwa kunifundisha, pole pole, kama mtu anavyomweleza mgeni njia ambayo hata mbuzi anaijua. "Ng'ombe ikichinjwa, hakuna mtu anaenda kuitafuta kwa boma. Unauliza kichwa ilienda kwa nani. Ngozi iko kwa nani. Mguu imekulwa na nani. Hiyo yote watu wanajua. Wewe unatafuta ng'ombe mzima, Mama Stoo."

Aliondoka na kuniacha nimeshika kipanya cha kompyuta. Nilitoka stoo bila kufunga mlango, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada, nikamkuta Musyoka ameingiza mkono mpaka kiwiko ndani ya jenereta.

"Musyoka, mota arobaini na moja."

"Ya Mashuuru? Hiyo si nilikula." Ndivyo alivyosema akimaanisha amefungua na kutumia vilivyomo. "Tumbo yake nikaweka kwa ile ishirini na saba. Iko Kimuka. Inafanya poa sana."

"Na ganda?"

"Ilikuwa na ufa. Sijui nilitupa wapi."

"Mbona hukuniambia?"

Akatoa mkono kwenye jenereta, akanitazama. "Ulinipa hiyo fomu yako. Fomu inauliza mota iko wapi. Niandike iko wapi? Iko Kimuka nusu na nusu iko kwa taka. Hakuna hiyo laini. Nikaacha."

Aliacha, na mimi sikuuliza, na mstari wa 41 ukabaki na jina la Parsaloi kama nilivyouandika siku alipokabidhiwa.

Meneja alikubali maelezo ya Musyoka, lakini akasema kamati itataka kitu cha kushika, vinginevyo itaonekana tunamfichia mzee. Kufungua mota ya Kimuka kulimaanisha kuzima maji ya Kimuka siku nzima katikati ya ukame, na hilo hakuna aliyethubutu hata kulitaja. Ilibaki kulitafuta ganda. Nilipekua uani siku mbili, mimi na glavu za mpira, nikihamisha mabomba yaliyopinda na nyaya na vitu ambavyo hata Musyoka aliapa havijui. Nilikuta nyoka mmoja na sufuria yangu iliyopotea. Ganda sikuliona.

Alhamisi nilikaa kwenye benchi nje ya stoo nitoe kokoto kiatuni. Mnalijua benchi lile, limewabeba hata nyinyi. Mguu mmoja wa mbao ulivunjika zamani, mafundi wakaubadilisha na kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu. Nikiwa nimeinama nimeshika kiatu, niliona ufa kwenye hilo bomba. Nikapitisha mkono upande wa ndani. Kulikuwa na kibati. Sikuhitaji miwani, nilisoma kwa kidole.

Nilikuwa nimekalia mota namba 41 mwaka mmoja na nusu, kila saa nne asubuhi, nikinywa chai na kulalamika kwamba watu hawatunzi vitu. Musyoka alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwacha acheke, kisha nikaketi upande mwingine wa uwanja nikalia kidogo.

Siku iliyobaki nililibomoa jedwali langu. Nikatenga vipande kuwa na jedwali lao, kila kipande na namba yake: ganda, vya ndani, kebo. Mota ikawa ni mkusanyiko wa vipande kuanzia siku fulani mpaka siku fulani, si kitu cha milele. Halafu nikaweka jedwali la mienendo, ambalo kila kinachohama kinapata mstari mpya na ule wa zamani unabaki palepale. Fomu ya Musyoka ikapata laini yake. Nilimpigia Madam Achieng kumwambia alikuwa sahihi. Akasema tu, "Pole, Mama," na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo, nikaumia zaidi.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hatujapanda gari, meneja alinivuta kando. "Ukifika useme ilikuwa hitilafu ya mtambo. Inatosha. Mzee anasafishwa, na sisi hatuaibiki."

Ni maneno mazuri, hitilafu ya mtambo. Hayana mwenyewe. Nilikwenda nayo mpaka Mashuuru yakiwa tayari mdomoni.

Mkutano ulikuwa kando ya kisima, watu wamekaa kwenye mawe na viti vya kanisa, ng'ombe wamepangwa mstari nyuma yao wakingoja zamu. Mwenyekiti aliomba, kisha akaniita. Funguo za kisima zilikuwa mbele yake juu ya meza. Niliweka ganda la 41 mezani kando yake, likatoa mlio. Parsaloi alikuwa ameketi mbele, na pembeni yake msichana mwenye sweta ya shule ameinamisha kichwa. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Maneno yangu mazuri yakakataa kutoka. Nikasema, "Kompyuta haikukosea. Ilisema nilichoiambia. Mimi ndiye niliyeitengeneza bila nafasi ya kuandika kwamba mota imefunguliwa ikawa vipande. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mzee huyu amepoteza mota, na sikumwuliza. Alikabidhi mota yake kwetu kama inavyotakiwa. Hii hapa. Tuliifanya mguu wa benchi, na mimi ndiye ninayelikalia."

Mzee mmoja nyuma akaanza kucheka, wengine wakamfuata. Niliwaacha wacheke, nilikuwa nimestahili. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua funguo, akavuka, akazitia mkononi mwa Parsaloi mbele ya wote.

Sitaki mdhani mambo yaliishia kwa kicheko. Kile kisima kilichounguza mota kilikaa siku tisa bila mota mpaka Musyoka alipofufua moja, na siku tano kati ya hizo tulizipoteza tukifuata mota isiyokuwepo. Kuna boma zilizopoteza ng'ombe siku hizo. Bado naziwaza.

Watu walipoanza kutawanyika, Parsaloi alinijia. "Hiyo kompyuta umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo, ni ile ya kukunja. Nikaifungua kwenye boneti ya gari.

"Soma ile uliandika juu yangu."

Nikasoma: "Namba 41. Imepotea mikononi mwa Parsaloi, Mashuuru."

"Soma tena."

Nikasoma tena, na safari hii sauti yangu haikuwa nzuri. "Mzee, naifuta sasa hivi," nikasema, kidole tayari.

"Wacha. Usifute." Aliweka ncha ya fimbo chini, akaiegemea. "Ukifuta, watu watasema haikuandikwa. Iliandikwa. Barua ilisomwa nyumbani kwangu. Andika yako chini yake."

Nikaandika kwamba namba 41 haikupotea, kwamba Parsaloi aliikabidhi karakana, ikafunguliwa, vya ndani viko Kimuka na ganda liko stoo. Nikasita. Yeye akangoja. Nikaongeza kwamba aliyeandika imepotea alikosea, na jina lake ni Nyambura. Alimwita Naserian. Msichana akausoma mstari wa kwanza kwa sauti, kisha wa pili mpaka kwenye jina langu, akaniangalia kuona kama ni mimi. Nikamwambia ni mimi. Baba yake akaenda kufungua maji.

Sasa mnahamisha kila kitu kwenda kwenye mfumo wenu mpya, na najua hizo programu zenu ni nadhifu sana. Zitakuta mistari miwili ya namba 41, mmoja unaupinga mwingine, na zitawauliza kama mnataka kuondoa ule wenye makosa.

Jibu ni hapana.